Shangazi, mume wangu hataki watoto waione bahari

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Njiro, Arusha. Mume wangu ni dereva wa watalii. Watoto wakifunga shule Juni, yeye ndiyo kwanza anaingia porini. Desemba hivyo hivyo: Krismasi anakula na wageni Ngorongoro, sisi ametupandisha kosta ya Moshi twende kwa mama yake Kibosho. Tangu tuoane hatujawahi kusafiri kama familia.*

*Sasa kuna safari ya Zanzibar wiki ya tatu ya Mei, siku tano. Mwezi huo hoteli zinashusha bei hadi nusu, na sisi tumepewa kwa laki nne na nusu mtu mzima, laki mbili na nusu mtoto. Mume wangu mwezi huo yuko nyumbani kutwa anaangalia mpira. Tatizo ni shule. Mwalimu mkuu anasema ruhusa ni ya ugonjwa au msiba tu. Mkubwa yuko darasa la nne, wa mwisho chekechea; wiki moja itawapunguzia nini? Nikamwomba mume wangu aandike barua kwamba mama yake anaumwa sana na watoto wanahitajika Kibosho. Akanijia juu, na tangu siku hiyo hatusemeshani vizuri. Dada yangu aliye Birmingham anasema kwao mzazi analipa faini na safari inaendelea. Wenzangu kwenye kikoba waume zao hawana neno, mimi nimeshalipia nafasi yangu, na sare tumeshashona. Shangazi, huyu mwanaume ni mbahili au hapendi watoto wake?*

*Mama Watatu, Njiro*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa hizo Krismasi. Aliyeolewa na dereva wa watalii anamwona mumewe kwa msimu, na siku ambazo kila nyumba ina baba mezani, yako haina. Hilo nalielewa na wala sikubezi. Pole hiyo ipokee yote, maana sina nyingine kwa leo.

Barua yako inaanza na familia na inaishia na sare. Umeliona hilo ulipokuwa unaandika? Safari hii ni ya kikoba. Kikoba ndicho kilichopanga tarehe, kikachagua hoteli, kikanunua kitenge. Baba watoto kapelekewa taarifa ikiwa imeshapikwa, kilichobaki ni yeye kutoa pesa na kusaini uongo. Laki nne na nusu uliyolipa inamtosha mtu mzima mmoja, na mtu huyo ni wewe. Tupige hesabu ya waliobaki. Wewe na mumeo ni laki tisa. Watoto watatu ni laki saba na nusu. Hiyo ni milioni moja, laki sita na nusu, kabla ya basi la Dar kwenda na kurudi, kabla ya boti, kabla mtoto hajadai juisi ya miwa pale Forodhani na mwenzake kulia kwamba yeye hajapata. Toa hiyo uliyokwisha kulipa, bado unamdai baba watoto milioni moja na laki mbili. Na unamdai mwezi wa Mei.

Mei, mwanangu! Unalala kitanda kimoja na dereva wa watalii na Mei huijui? Hata mimi nisiyeendesha hata baiskeli naijua. Februari hii nyumbu wanazaa kule Ndutu na magari yanapishana. Machi ikielekea mwisho, mvua zinaanza na wageni wanapungua. Aprili na Mei barabara za porini ni tope, kambi nyingine zinafungwa kabisa, Land Cruiser zinaingizwa gereji kukarabatiwa. Madereva wengi wanalipwa kwa siku walizokuwa porini, na kinachowanenepesha mfuko ni tipu. Hakuna mgeni, hakuna siku, hakuna tipu. Huyo unayemwona kwenye kochi anaangalia mpira hayuko likizo. Ni mtu anayesubiri Juni, na kichwani ana ada ya muhula wa pili, kodi kama mnapanga, na mbolea ya mama yake Kibosho. Wewe umeona ana nafasi ukadhani ana pesa. Mbahili ni mwenye nacho akanyima. Huyu Mei hana, na naamini alikwambia, ila kwenye barua yako umelipunguza hilo likawa mpira.

Bei kushuka nusu nako kuna sababu yake. Mei pwani ni masika. Hoteli inakupunguzia kwa sababu wanaojua mvua ya Unguja wamekaa kwao. Inaweza kuwaangukia siku mbili mfululizo, watoto watatu ndani ya chumba kimoja, bahari wanaitazama dirishani. Kwa shoga zako na kahawa yenu itakuwa raha tu. Kwa mtoto wa chekechea, utanisimulia.

Tuje kwa mwalimu mkuu, ambaye umemchora kama askari wa kizuizini. Wiki ya tatu ya Mei shule nyingi ama ziko kwenye mitihani ya muhula ama zinaikaribia. Hilo hukuliandika. Na huyo mkubwa wa darasa la nne Oktoba ana upimaji wa kitaifa, nalo hukuliandika. Wa chekechea angekosa wiki nzima asingepungukiwa kitu, nakubali. Lakini ruhusa huombi ya mmoja.

Ila shule nazo nisiziache zipite. Baadhi ya hizi shule zetu za kulipia, mzazi akiomba siku tano Mei anaambiwa anaharibu maisha ya mtoto. Juni ikifika, shule ile ile inachukua nusu ya likizo kwa masomo ya ziada, inayalipisha, inasema ni hiari, halafu mahudhurio yanaitwa kila asubuhi. Darasa la nne na la saba ndio hawapumui kabisa. Mzazi anaogopa mwanawe asionekane mzembe, analipa, na bibi Kibosho anaambiwa mjukuu atakuja Desemba. Hapo niko upande wako kabisa. Kikao cha wazazi kijacho simama useme: likizo iliyo kwenye kalenda ya serikali iwe likizo. Ukisema hilo kwa sauti utashangaa wangapi watapiga makofi. Huo ndio ugomvi wa kugombana na shule.

Na huyo dada wa Birmingham, mwambie amalizie hadithi. Huko England, tangu Agosti 2024 faini ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, ukilipa ndani ya siku 21. Ukichelewa inakuwa 160. Baba na mama wenye watoto wawili wanaanza na pauni 320. Ukirudia ndani ya miaka mitatu ni 160 moja kwa moja, na mara ya tatu hakuna faini tena, kuna mahakama. Kuna baba mmoja, Jon Platt, alimpeleka bintiye Florida mwaka 2015 katikati ya muhula, akagoma kulipa faini ya pauni 120, akapambana mpaka Mahakama ya Juu. Akashindwa mwaka 2017. Wapo wanaofanya hesabu na kuona faini ni nafuu kuliko tiketi za Agosti, ndio hao dada yako anawasema. Hapa kwetu hakuna dirisha la kulipia uondoke. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto wa shule ya msingi ahudhurie mpaka amalize, na wapo wazazi waliofikishwa mahakamani kwa utoro wa watoto wao. Sisemi wiki moja Zanzibar itakupeleka huko. Nasema usiazime sheria ya Birmingham kumgombeza mwanaume wa Njiro.

Sasa ile barua. Nimeiacha mpaka hapa kwa makusudi, maana ningeanza nayo nisingekuwa na adabu ya kuendelea.

Ulimtaka mwanaume achukue kalamu, aandike kwa mkono wake kwamba mama yake mzazi anaumwa sana. Mama mzima wa afya, anayewapokea wewe na wanao kila Desemba, anayewapikia mtori na kuwatandikia kitanda wakati mwanawe yuko porini. Kweli ulitegemea akubali? Tena mwanaume wa Kibosho? Ukweni kwako ugonjwa wa mama si kitu cha kuchezea mdomoni. Na wewe umeolewa kwa Wachagga, watu wenye isale. Unalijua lile jani: anayekwenda na isale mkononi kuomba radhi hafukuzwi. Kalichume. Hata kama mama mkwe hajui ulichotaka kuandikiwa juu yake, mumeo anajua, na huyo ndiye aliyekununia.

Halafu fikiria mtoto wa darasa la nne. Utamfundisha nini cha kumjibu mwalimu? "Bibi anaumwa." Akitoka huko anarudi na hina mikononi, anaimba alivyopanda boti, na wewe umeshaweka picha kwenye status ukiwa Nungwi na sare. Mwalimu naye ana simu, mwanangu. Pengine namba yako anayo kwenye lile kundi la wazazi.

Na hao wenzako ambao waume zao hawana neno, umewauliza waume wenyewe? Siku hizi ndoa nyingi zinaendeshwa na kilichoonekana kwenye simu ya jirani. Fulani kapelekwa Zanzibar, fulani kafanyiwa sapraizi, fulani kavalishwa mpaka watoto. Usione vyaelea, vimeundwa. Na vingine vimeundwa kwa mkopo ambao mume atausikia siku wadai wakigonga geti. Mimi kikoba nakiheshimu. Nimeona kikoba kikipaua nyumba ya mjane, kikilipa ada, kikimtoa mtu hospitali. Lakini vipo vya siku hizi ambavyo kila miezi mitatu kinachogawanywa ni kitenge kipya. Wanaume nao wasicheke hapa. Anayemaliza laki moja ya nyama choma na bia Jumamosi moja, kisha nyumbani anasema hakuna hela ya kumpeleka mtoto popote, huyo nikiandikiwa barua yake nitamshughulikia vilevile. Wako sijamsoma hivyo.

Unachotafuta kipo, na shule haikukatazi. Kalenda ina likizo fupi ya katikati ya muhula, mwishoni mwa Machi kuingia Aprili. Watoto wamefunga. Wageni wa mumeo wanapungua, lakini tipu za Ndutu bado ziko mfukoni, hazijaliwa na Mei. Hoteli za pwani nazo zinaanza kulegeza bei, ila angalia Pasaka isiangukie humo, maana siku zile zinapanda. Mvua inaweza kuwakuta, sikudanganyi. Hizo ndizo siku zenu za familia, na kwa kazi ya mumeo karibu hamna nyingine. Kaulize shuleni tarehe kamili kesho, maana shule za kulipia zinasogeza kidogo.

Na bahari si Zanzibar peke yake. Basi la Arusha kwenda Tanga linawafikisha siku hiyo hiyo: mnapita Same, mnanunua machungwa Muheza, jioni watoto wanachezea maji ya chumvi Raskazone. Hakuna Dar, hakuna boti. Kuna mapango ya Amboni, kuna Pangani kama mfuko unaruhusu. Samaki watakula mpaka wachoke.

Kabla hata ya Tanga, nakuuliza: hao watoto wamewahi kwenda porini na baba yao? Hifadhi ya Arusha iko pua na mdomo kutoka Njiro. Mtanzania analipa kwa shilingi, mtoto wa chini ya miaka mitano halipi kabisa, wa mitano hadi kumi na mitano analipa pungufu ya mkubwa. Kuna twiga, kuna flamingo ziwa Momella. Wageni wa Ujerumani wanajua baba wa wanao anavyoeleza tabia za nyani mpaka watu wanashika mbavu. Watoto wake wanajua anavyolala kwenye kochi. Mwombe hilo, uone kama atanuna.

Kuhusu nafasi yako ya Mei, nenda kwa mhazini umwombe akutafutie wa kuinunua. Asipopatikana, nenda. Mwanamke kwenda Zanzibar na shoga zake siku tano si kosa, watoto wabaki na baba yao ambaye unasema yuko nyumbani kutwa. Lakini muage kwa jina lake: safari ya kikoba. Na kama ile barua ya mama mkwe ulishaianza mwenyewe ukaiweka kwenye mkoba, ichane leo, kabla mkubwa hajaifuma akaipeleka shule akidhani kweli bibi yake anaumwa.