Ndugu wa Busia, Usipande Miwa Bado

Juzi nimepata ujumbe wa kijana mmoja wa Busia, huku upande wetu wa Uganda. Baba yake amemwachia kipande cha msitu kando ya kijito, hakifiki ekari tatu, na ndugu zake wanataka king'olewe ipandwe miwa. Yeye ni mchoraji, anachora mabango na kuta za maduka. Ananiuliza, "Dada, wewe uliwezaje kuufanya msitu ukulishe kwa sanaa?" Nimeshamjibu, lakini najua mko wengi mnaotaka hicho hicho, basi jibu zima la mtu anayetengeneza karatasi na kazi za sanaa kwa magome ya msitu wake ni hili.

Msitu haunilishi peke yake. Unanisaidia karo, unanipa jina, na mengine nayatafuta kwa cherehani. Ukisikia mtu anasema ekari mbili za miti zimemjengea ghorofa, muulize alikuwa akiuza nini.

Wangu uko nyuma ya Njeru, ng'ambo ya Mto Nile ukitoka Jinja. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Tulikulia Walukuba, mtaa wa Jinja, jirani wa kulia Mlugbara, wa kushoto Mluo, mama Msamia, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotukutanisha mlangoni. Baba alipostaafu akanunua kibanja chenye miti ambayo hakuna aliyeitaka. Alipofariki, kaka zangu wakakaa kikao bila kuniita. Mtu wa miwa alikuwa tayari, pesa mkononi. Neno lililosemwa kikaoni lilinifikia jioni ile ile: "Fundi cherehani atafanya nini na pori?" Nikawaambia nipeni pori, nyumba chukueni. Leo wawili kati yao wameniagiza kadi za harusi za watoto wao, na nimewatoza bei ile ile ya mtu wa barabarani. Mtaniwia radhi, lakini nililifurahia hilo.

Basi ushauri wangu mkubwa ni huu: usianze na picha uliyonayo kichwani, anza na kile msitu wenyewe umezidiwa nacho. Kwangu kilikuwa mforsadi wa karatasi. Wengi mnaujua kwa sura hata kama jina ni geni: jani la juu linakwaruza kama msasa, chini lina manyoya laini, na mti mmoja ukiukata unachipua kisikini na mizizini pia. Si mti wa kwetu. Kwenye msitu mkubwa wa Mabira, mforsadi huu umejaa hasa kwenye sehemu zilizolimwa na kukatwakatwa miaka ya 1970 na 1980. Ndege na kima wanakula matunda yake, wanasambaza mbegu, na kivuli chake kinazima miche ya musizi na mingine ya asili. Nusu ya kijisitu changu ilikuwa hivyo.

Kumbe gome la mti huu Wajapani wamelitengenezea karatasi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Nilivyojifunza ni hadithi ndefu yenye karatasi nyingi zilizooza, tuiruke. Kazi yenyewe inakwenda hivi. Kata mashina membamba, yanayotosha kushikwa kwa mkono. Gome likiwa bichi linavuliwa kwa urahisi, kuanzia chini hadi juu, ukanda mmoja mrefu. Loweka. Kisha kaa chini na kisu butu uparue ganda la nje la kahawia mpaka ubaki na nyuzi nyeupe za ndani. Hapa ndipo wengi wanaponikimbia, maana mgongo unauma. Mimi huacha makusudi vipande vidogo vya ganda, karatasi ikikauka vinabaki humo vyeusi vyeusi, na wateja wanavipenda kuliko michoro yangu, jambo linaloniudhi kidogo.

Chemsha kwa maji ya majivu. Natumia majivu ya maganda ya maharagwe, yale ambayo akina mama wa Buganda huchuja maji yake kulainishia mboga. Nyuzi zikishaiva zinakatika kwa vidole. Suuza sana, ponda kwa rungu la mbao, mimina kwenye beseni la maji, halafu ongeza ute wa bamia. Bamia hiyo hiyo ya mchuzi. Bila ute nyuzi zinazama na kushikana mabonge. Ukiuweka zinaelea zimetawanyika, na unapozamisha fremu yenye wavu wa dirisha na kuinyanyua, zinalala sawasawa. Kamua, bandika kwenye bati laini, anika.

Kisiki nacho king'oe na mizizi. Usipokifuata kila msimu wa mvua, utakuwa umekipogoa tu kizidi kuchangamka. Usifyeke pote kwa mkupuo mmoja, fungua uwazi mdogo, pandisha miti ya asili humo, halafu sogea. Musizi hauhitaji hata kuupanda sana: hondohondo wanakula matunda yake na kuziachia mbegu popote wanapotua. Wewe linda miche isikatwe na panga la mtu mwenye haraka.

Kwenye uwazi wa mwanzo nilichomeka vipande vya matawi ya mutuba. Huu ndio mti wa lubugo, vazi la gome la Baganda, ufundi ambao UNESCO iliuingiza mwaka 2008 kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Mutuba hauuawi. Gome la ndani linavuliwa wakati wa mvua, shina linafungwa majani ya mgomba, na gome jipya linaota. Mzee mmoja wa Buikwe alikuja kunivulia, kwa sababu kisu kikizama zaidi ya gome mti unaumia, na mimi sikutaka kujifanya najua. Lubugo ile nyekundu ya udongo nikiishona juu ya karatasi nyeupe ya mforsadi, napata kazi ambayo haihitaji rangi ya dukani hata tone. Hapo ndipo niliposema moyoni, baba, ulinunua vizuri.

Vijana, tuambizane ukweli. Tunapenda kulalamika kwamba misitu inaisha huku vifaa vyetu vya sanaa vinatoka kwenye makontena. Mwaka 2007 watu waliandamana Kampala, na wengine walikufa, serikali ilipotaka kuimega Mabira zaidi ya hekta 7,000 ziende kwenye miwa. Halafu sisi wenye ekari zetu tunaugawa msitu wenyewe, kwa hiari, kwa pesa ya msimu mmoja! Msanii asiyejua miti yake kwa majina anachora nini? Jifunze majina kwanza. Anza na kilichozidi. Nimeshasema, na nitasema tena.

Kuna upande wa makaratasi pia. Sheria ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003 inamruhusu mwenye msitu wake binafsi kuusajili, na afisa misitu wa wilaya ndiye wa kumwona kabla hujasafirisha gogo lolote. Nenda naye vizuri, mkaribishe aone kazi.

Na wateja wakubwa wakija, chukua nusu ya pesa kabla hujavua hata gome moja. Hoteli moja iliniagiza vivuli vya taa vya ukumbi mzima, ikavipokea, ikavitundika, na mpaka leo meneja akiiona namba yangu simu inakuwa "kwenye mkutano". Taa zinawaka, nimezipita mwenyewe usiku nikiwa kwenye boda. Zinapendeza kweli.