Weka Nyundo Chini, Injini Iliyokwama Haitaki Hasira

Juzi msomaji mmoja kanitumia picha ya injini kuukuu, zile za kufungwa chini zilizokuwa zikisukuma maji na kusaga nafaka. Pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, imekwama. Anauliza atumie nyundo ya kilo ngapi.

Nimeusoma ujumbe ule moyo ukiniuma, kwa sababu miaka tisa iliyopita nilijiuliza swali hilohilo, nikajijibu vibaya.

Injini yangu ya kwanza ilikuwa Lister D ya petroli, nguvu ya farasi 1.5, mizunguko 700 kwa dakika. Zilianza kutengenezwa mwaka 1926 kule Dursley, Uingereza, na zilitengenezwa kwa wingi, ndiyo maana bado zinapatikana na ndiyo maana namshauri kila anayeanza aanze nayo. Yangu ilikaa nje miaka mingi haina plagi, tundu wazi, mvua inaingia. Nilipofungua kichwa cha silinda nikakuta pistoni imeshikana na ukuta kwa kutu nyekundu kama udongo wa kichuguu. Jioni ileile nikachukua nyundo na kipande cha bomba. Pigo la nne likatoa mlio mwingine kabisa, mlio wa chungu kinachopasuka. Pistoni ilikuwa imetoboka juu, na kipande chake kimedondokea chini kwenye krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni.

Fundi niliyempelekea aliniambia hicho ni chuma chakavu, nikakiuze kwa kilo. Waliokuwepo wakacheka. Kicheko kile ninacho mpaka leo.

Mwaka huu nikapata D nyingine, imekwama vilevile. Safari hii nilichanganya asetoni na mafuta ya giaboksi ya otomatiki, nusu kwa nusu, nikamimina juu ya pistoni. (Fanyeni hivi nje, mbali na moto. Asetoni inawaka upesi mno.) Kila baada ya siku mbili tatu nikaongeza. Wiki ya kwanza kimya, ya pili kimya. Kila jioni nalishika gurudumu zito la injini, nalisukuma kidogo mbele, kidogo nyuma, kwa mikono mitupu. Siku ya 23 likasogea upana wa ukucha, na pembezoni mwa pistoni ukatokea mstari mwembamba wa mafuta meusi. Nilikaa chini palepale. Baadaye nikafungua kifuniko cha ubavuni, nikaiachia konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, na pistoni ikapanda kwa kusukumwa tu na kipande cha mti laini.

Cheche ilikuwa hafifu; nikasafisha pointi za magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, nikaziachia nafasi ya milimita 0.3, ikarudi ya buluu. Kusugua, kusaga valvu na kupaka rangi mnakujua. Ila spana nazisemea: nati za injini hizi ni za Whitworth, vipimo alivyovipendekeza Joseph Whitworth mwaka 1841. Spana ya milimita huingia ikilegalega, kisha inakula kona zote za nati. Tafuteni spana za Whitworth.

Jumamosi iliyopita ikawaka. Niliizungusha hendeli dole gumba likiwa upande mmoja na vidole vingine, maana injini ikirudisha teke huvunja mkono wa aliyeikumbatia hendeli. Mara ya tatu ikakohoa, ikashika, ikatulia kwenye mdundo wake. Nilitamani wale waliocheka wangekuwepo.

Ndugu zangu, mashine hizi zimetukuta na zinaweza kutuacha. Hatuna haki ya kuzivunja kwa haraka zetu za jioni moja. Anayekimbilia nyundo hajaipenda injini, amejipenda mwenyewe. Lowesha. Subiri. Lowesha tena.

Na wewe ndugu wa picha: naona tundu la plagi liko wazi, kama lilivyokuwa langu. Usiku wa leo, kabla hujalala, mimina mafuta ya giaboksi humo kisha lizibe.