"In the lake" au "on the lake"? Siku niliyomzamisha bosi wangu kwa emaili

Kuna mdogo wetu kauliza, anaandika tangazo la kutembeza wageni kwa boti hapa Mwanza, sasa kakwama, "ziwani" kwa kizungu ni "in the lake", "on the lake" au "at the lake", maana kote anakopita anaziona zote tatu. Ngoja nijibu kwa kirefu, hii kitu ilishanitia aibu.

Mi nilikuwa ofisini kwenye kampuni moja ya samaki, siitaji jina, kazi yangu kujibu emaili za wateja wa nje. Siku hiyo bosi katoka alfajiri na boti kwenda visiwani kuangalia mzigo, huko alikoenda simu hazishiki, afu mteja mmoja wa Uholanzi kaandika anamtaka haraka. Nikajibu fasta tu, "Sorry, he is in the lake since morning", nikashuka zangu kunywa chai. Narudi simu ya mezani inaita, mzungu kaongea taratibu kama mtu aliyekuja msibani, ananiuliza kama tumeshampata. Tumempata nani? Bosi wako. Nikaduwaa kwanza, kumbe nimemwandikia kwamba mzee yuko ndani ya maji toka asubuhi! Na hiyo "is" yenyewe ilitakiwa iwe "has been", ila hilo tuliache. Bosi karudi jioni mzima wa afya na sangara wake, alivyosimuliwa akacheka mpaka machozi, wiki nzima akawa ananiita mzamishaji.

Sasa tatizo letu ni hii -ni ya mwishoni. Yule anayeogelea yuko ziwani, mwenye boti yuko ziwani, aliyeenda kuchota maji na ndoo naye kaenda ziwani, sisi tunaelewana bila shida. Halafu shule tukafundishwa "in" ni ndani, "on" ni juu, basi, tukatoka hivyo. Kiswahili chenyewe kinajua kutofautisha ukikibana, unaweza kusema ziwani mna samaki, ziwani pana upepo, ziwani kuna watu, ile "mna" ndo inakaa karibu kabisa na "in". Ila mtaani kwetu nani anasema "mna", sisi ni "kuna" kwa kila kitu, ndo maana tunapotea.

Ninavyofanya mimi siku hizi, najiuliza hicho kitu kimezungukwa na maji au kiko juu ya maji. Samaki, nyavu zilizozama, mtu anayeogelea, magugu, mamba, hao wote "in the lake". Boti, kivuko, mawimbi, wavuvi walioko kazini, hao ni "on the lake". Kama umewahi kukaa Capri Point usiku wa giza, unaona zile taa za wavuvi wa dagaa zimepangana mbali kama kuna mji mwingine huko, basi taa ziko "on the lake" na dagaa wanaofuata mwanga wako "in the lake". Mi hiyo picha ndo ilinikaa kichwani kuliko kanuni yoyote. Na kama wavuvi wako mbali kabisa na nchi kavu unaongeza "out", "they are out on the lake". Hiyo ndo ningemwandikia yule Mholanzi na simu isingeita.

Sasa kuna kisiwa, hapa wengi wanachanganya. Kisiwa kimezungukwa na maji, kwa hiyo "Ukerewe is an island in Lake Victoria", japo hakijazama. Ila wewe ukishuka pale Nansio unakuwa "on the island". Saanane hivyohivyo, ile hifadhi ya taifa toka 2013, kisiwa kiko "in the lake" na wale pimbi wake wako "on the island". Jiwe la Bismarck nalo liko "in the lake", ndege waliotua wako "on the rock".

Halafu kuna hii "on" nyingine iliyonisumbua miaka. Mzungu akisema "Mwanza is on Lake Victoria" hamaanishi mji unaelea, anamaanisha umegusana na maji, uko ukingoni. Kisumu on Lake Victoria, London on the Thames, ni ileile. Ukiwaza "juu ya" hapa umekwisha. Kwa hiyo "a hotel on the lake" ni hoteli ambayo ziwa liko mlangoni, na "by the lake" ni jirani na ziwa, zinakaribiana sana ila "on" inakubana zaidi, mgeni akilipia "on the lake" afu akakuta katikati kuna barabara na gereji mbili atadai hela yake.

"At the lake" ni rahisi, hapo ziwa unalichukulia kama sehemu tu ya kwenda, kama unavyosema niko sokoni. Watoto wameenda kufua, "they are at the lake". Wamelowa hawajalowa, haisemi.

Cha kuongezea, ukiandika "Lake Victoria" usiweke "the" mbele, mito ndo inataka, "the Nile", maziwa hapana. Na vyombo navyo vina mambo yake, chombo unachoweza kusimama ukatembeatembea ni "on", kwa hiyo "on the ferry", ila mtumbwi ambao ukisimama wote mnapinduka ni "in a canoe". Lile daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa 2025 linavuka ghuba, hilo ni "across the Mwanza Gulf", "on" hapo haifai kabisa.

Mdogo wangu, sentensi yako uliyoandika "Enjoy sunset in the Lake Victoria by a boat", mi ningeifanya "Enjoy the sunset out on Lake Victoria", boti utaitaja sentensi inayofuata, na ukiitaja ni "by boat" bila "a". Na kwenye chakula, kama mnakula pale ufukweni andika "lunch by the lake", maana hivi ulivyoweka "lunch in the lake" wageni watadhani wao ndo wanaliwa na sato.