Miwani ya uhalisia pepe itamtia mwanangu umakini?

Swali: Asalaam alaykum daktari. Mwanangu ana miaka 12, anasoma darasa la sita hapa Wete. Hamalizi ukurasa, akili imeshatoka nje. Kuna kijana ana miwani ya uhalisia pepe, ile ukiivaa unajiona umo ndani ya picha za kompyuta, anasema vipindi 20 vitamtuliza. Nimlipie? – Mama Wete

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Usimlipie bado.

Kitu chenyewe kipo, si hadaa. Mwanasaikolojia Skip Rizzo na wenzake, Marekani, walitengeneza darasa la kompyuta: mtoto akivaa miwani anajiona yuko dawatini, herufi zinapita ubaoni, naye abonyeze kitufe kila X inapoifuata A. Mara ndege ya karatasi inaruka, mara gari linapita dirishani. Kompyuta inahesabu alizokosa, alizobonyeza kwa pupa, na kichwa kinavyogeukageuka. Lakini lile darasa lilitengenezwa kupima. Kupima na kutibu ni mambo mawili.

Kwenye mazoezi, mtoto hupanda alama haraka, mzazi akafurahi. Tabu ni kwamba umahiri ule hung'ang'ania palepale kwenye mchezo. Fundi wa bao pale barazani hesabu za skuli zinaweza kumshinda vilevile. Hata EndeavorRx, mchezo ulioruhusiwa Marekani mwaka 2020 kwa watoto wa miaka 8 hadi 12 wenye tatizo la umakini (nao ni wa tableti, hauna miwani), ulikusudiwa kwenda pamoja na matibabu mengine.

Basi muulize huyo kijana: nje ya miwani atapima nini? Akikuonesha alama za mchezo tu, muage. Mimi mwenyewe niliivaa dakika 15 wakati wa joto la kaskazi. Vioo vilijaa ukungu wa jasho na kichefuchefu kikanishika mpaka magharibi. Mtoto aliyewahi kupata kifafa asiivae bila ya ruhusa ya daktari wake.

Hizo pesa anza nazo hospitali. Apimwe macho na masikio, na wingi wa damu. Kwetu Pemba usisahau minyoo na kichocho: muulize, bila ya kumtia haya, kama anakojoa damu. Mtoto aliyepungukiwa damu husinzia juu ya daftari, sisi tukamwita mvivu. Mwalimu naye akuandikie kwa wiki mbili anakaa dakika ngapi na kitabu kabla hajanyanyuka. Karatasi hiyo njoo nayo.

Jengine, simu ya nyumbani usiku inalala chumba cha nani?