Wadogo zangu, msiache seli zisizo na nyongeza

Juzi jioni nimepita maabara nikakuta vioo kumi na viwili vya seli za jua za polima (plastiki inayofyonza mwanga) kwenye trei, vyote vimepakwa mchanganyiko wenye DIO, yaani 1,8-diiodooktani, kile kimiminika cha nyongeza. Hata kimoja cha kulinganishia, kisicho na DIO, hakuna. Kuuliza, najibiwa: "Kaka, polima imebaki kidogo, tunabana." Sikusema kitu. Nilitembea mpaka Raskazone, hapa Tanga, ndipo hasira zikashuka. Nawapenda, ndiyo maana naandika.

1. Asilimia 3 ya DIO ni ya ujazo: mikrolita 970 za klorobenzini (kiyeyushi chetu), mikrolita 30 za DIO. Tumieni pipeti, msihesabu matone.

2. Jueni kwa nini mnaitia. Klorobenzini huchemka kwenye nyuzi 132, DIO inapita 300. Kioo kikizungushwa wakati wa kupaka, klorobenzini inatangulia kuondoka na DIO inabaki nyuma. Hiyo DIO inayeyusha fulareni (molekuli za kaboni zinazopokea elektroni kutoka kwa polima) lakini polima haiiyeyushi, kwa hiyo polima inajipanga kwanza, na fulareni haipati nafasi ya kugandamana mabonge. Bonge likiwa la nanomita mia na zaidi, nishati iliyozaliwa humo na mwanga inazimika njiani, maana uwezo wake wa kusafiri ni nanomita kama kumi tu. Ndiyo maana mwaka 2010 PTB7 (polima) na PC71BM (fulareni) ndani ya klorobenzini zilitoka ufanisi wa kugeuza mwanga kuwa umeme wa asilimia 3.9 hadi 7.4 kwa kutiwa DIO tu.

3. Seli za kulinganishia. Hapa naomba mkae.

Nilipokuwa nasoma, mimi na mwenzangu tulikuwa benchi moja. Alikuwa nyuma yangu mwaka mmoja. Yeye anapima polima na fulareni kwenye mizani, mimi natia DIO na kupaka. Tulianza vizuri, ufanisi karibu asilimia 6. Nikasema sasa tunaijua kazi, tusipoteze polima kwa seli zisizo na nyongeza. Neno hilo lilitoka kinywani mwangu, si mwake.

Wiki ya tatu ufanisi ukaanza kushuka. Tano. Nne na nusu. Nne. Nikakagua vioo, nikabadilisha glovu za boksi la glovu (lile boksi lililofungwa lisiloingiza hewa ya nje), nikalaumu polima. Mwisho, mbele ya msimamizi wetu, nikasema huenda vipimo vya mizani haviko sawa. Sikumtaja jina, lakini mizani alikuwa akishika yeye peke yake. Aliinamisha kichwa akaandika kitu kwenye daftari lake. Tangu siku hiyo akawa anabaki usiku, anapima kila kitu mara tatu. Namba hazikupanda. Muhula ulipoisha akaomba kuhamia kundi lingine.

Siku moja nasafisha rafu iliyoelekea dirishani, nikashika chupa ya DIO nikaiinua kwenye mwanga. Imegeuka rangi, kama chai ya rangi iliyokolea. DIO safi haina rangi, ikizidi sana ni umanjano hafifu. Jua lilikuwa limekata iodini kutoka kwenye DIO wiki baada ya wiki, na mimi ndiye niliyeiweka pale, na mimi ndiye niliyekuwa nainyonya kwa pipeti kila asubuhi bila kuitazama. Laiti tungepaka vioo viwili tu bila nyongeza kila siku! Hivyo visingeshuka, vyenye DIO vingeshuka, na siku hiyohiyo tungejua ubaya umo kwenye chupa. Nilimfuata nikamwomba radhi. Alinisamehe. Benchini hakurudi.

4. Chupa ikae gizani, kwenye ubaridi, na kile kipande cha shaba kilicho ndani msikitoe. Kazi yake ni kuilinda.

5. Mkishapaka, ingizeni vioo kwenye vakyumu kabla ya kuweka elektrodi. DIO haiondoki kwa kusubiri, na ikibaki ndani ya utando, mwanga ukiipiga inaanza kula seli yenu.

6. Masika haya, PEDOT:PSS (ule utando wa plastiki inayopitisha umeme tunaoupaka kwanza kwenye kioo) inanyonya unyevu wa bahari hata mkiwa mnapiga soga. Ikitoka kwenye hotipleti iende moja kwa moja kwenye boksi la glovu.

Kesho saa mbili nitakuja. Nitengeeni mikrolita 200 za mchanganyiko usio na DIO. Polima nitaleta ya kwangu. Na ile chupa iliyoko karibu na sinki, tafadhali, nani ataifunga kwa foili leo hii?