Wajibu wa ofisi ya mawakili uko kwenye majalada yake

Wiki iliyopita wakili kijana wa Mwanza aliniandikia. “Shikamoo dada. Nimefungua ofisi Nyakato, tuko wawili na karani mmoja. Tunataka kurudisha kwa jamii. Tumewaza tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira, tupande miti tukiwa na fulana zenye nembo yetu. Unatushauri nini?”

Marahaba mdogo wangu. Miti pandeni, na mumpate mtu wa kuimwagilia kiangazi kikifika. Ila swali lako limenigusa mahali ambapo bado panauma, kwa hiyo univumilie nijibu kwa kirefu.

Ofisi yetu ilikuwa na mteja mkubwa. Alilipa kwa wakati, na kila aliyewahi kuendesha ofisi ya uwakili anajua mteja wa namna hiyo ana thamani gani. Siku moja akatuletea jalada la kiwanda kipya. Kiwanja kipo, mkopo umekubaliwa, mkandarasi ameshamwaga kokoto. Benki ilibakiza kitu kimoja: maoni yetu ya kisheria, kwa maandishi, kwamba vibali vyote vimekamilika. Nikakaa na jalada lile jioni nzima. Cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira hakikuwamo. Nilikuta risiti ya mshauri elekezi na barua ya kuomba mradi usajiliwe, basi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iko wazi kwamba tathmini inatangulia, mradi unafuata. Na kwenye mchoro, bomba la maji machafu lilishuka moja kwa moja hadi kwenye kijito ambacho kina mama wa mtaa wa chini wanachota maji ya kumwagilia mchicha.

Mteja akaniambia kwa upole, “Wakili, wewe andika tu kwamba kibali kiko kwenye mchakato.” Nikamjibu kwamba nitaandika, mradi sentensi inayofuata iseme ujenzi usianze mpaka cheti kitoke. Sentensi hiyo hakuitaka. Alichukua majalada yake yote, hata ya kesi ambazo hazikuhusiana na kiwanda, na mwenzangu niliyefungua naye ofisi akamfuata mteja huyo. Mwenzangu aliniambia akiwa mlangoni kwamba hii ni ofisi, si kituo cha sadaka. Maneno yale yamenikosesha usingizi mara nyingi, hasa miezi ile ambayo kodi ya pango ilitushinda na ikabidi tuhamie chumba kidogo zaidi.

Sijutii hata kidogo. Ofisi ya mawakili haina bomba la moshi wala haimwagi kemikali mtoni. Madhara yetu kwa mazingira yanapita kwenye saini. Barua moja tuliyoiandika kwa kumfurahisha mteja inaweza kuharibu kijito ambacho miti ya miaka kumi haitakirudisha. Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, nakwambia anzia kwenye kazi unazozikubali na maoni unayoyatia saini. Mteja wa ujenzi, wa mgodi au wa shamba kubwa akija, muulize habari za mazingira kwenye kikao cha kwanza kabisa, kabla hajamwaga kokoto. Wengi wao si watu wabaya, ni kwamba hakuna aliyewaambia mapema.

Tuliosoma sheria hapa nchini tunaijua kesi ya Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Wakazi wa Tabata walichoshwa na moshi, nzi na uvundo wa dampo. Mahakama Kuu ikaliamuru jiji liache kumwaga taka pale. Jiji likarudi kuomba liongezewe muda, na Jaji Lugakingira akakataa, akiliona jambo lile kuwa linagusa haki ya kuishi iliyomo kwenye Katiba. Kila ninapoisoma hukumu ile najisikia fahari kuwa mwanasheria wa nchi hii. Halafu nakumbuka kilichofuata: taka zilihamia Kunduchi, kisha Vingunguti, baadaye Mtoni, na sasa ziko Pugu. Kila mtaa ulipofikiwa ulimhitaji wakili wake. Leo sheria ile ya 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Lakini mama wa mchicha atamlipa nani amwandalie hati ya madai?

Hapo ndipo kazi ya bure inapoingia, na hapo nina neno kali. Jalada la bure lishikwe na wakili. Nimeona ofisi inayomwachia mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo peke yake, halafu picha ya mteja inazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Mwezi uliopita tumemshindia mjane shauri kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Shemeji yake aliuza shamba akitumia muhtasari wa kikao cha ukoo. Saini zote zilifanana mkono na wino, na ya mjane ilikuwamo, imeandikwa kwa herufi za kulala, nzuri kabisa. Mama yule hajui kuandika. Hata kwetu aliweka dole gumba. Jambo hilo linaonekana na anayeusoma muhtasari mstari kwa mstari, kama anavyousoma mkataba wa benki. Aliyemleta kwetu ni msaidizi wa kisheria wa kata. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watu hawa. Watafute huko Nyakato, wanajua shida za mtaa kuliko sisi.

Kuna na karatasi. Niliwahi kununua karanga stendi zikiwa zimefungwa kwenye ukurasa wa hati ya kiapo, jina la mwapaji na namba ya shauri vikisomeka vizuri. Ofisi fulani iliuza karatasi zake kwa kilo. Nunueni mashine ya kukatakata, mabaki yaende kwa wanaorejeleza. Mahakama inapokea nyaraka kwa mtandao siku hizi, kwa hiyo msichapishe nakala ambazo hakuna atakayezisoma.

Na huyo karani wako mmoja, je, michango yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, inakwenda? Anayefagia ofisi ana mkataba? Mwanafunzi anayekuja kujifunza anapewa nauli? Nakuuliza kwa sababu nimezijua ofisi zinazotetea wafanyakazi asubuhi mbele ya CMA, tume inayosuluhisha migogoro ya kazi, na mchana mhudumu wao anakopa nauli ya daladala. Kabla hujaagiza fulana, piga hesabu ya hayo matatu. Ukikwama kwenye mkataba wa mhudumu niandikie, nitakutumia tunaoutumia sisi.