Kibati cha hewa cha jiko la nyama kikilegea

Kama unachomea nyama kwenye jiko la pipa, lile lenye kibati cha duara ubavuni cha kufungulia na kufungia hewa, kikague leo kabla hujawasha. Kishike kwa vidole, kitikise. Kikichezacheza, ribiti, yaani kile kichuma kinachokishikilia kwenye pipa, imekwisha.

Langu lilinisumbua mwezi wa nane, wakati upepo wa Dodoma hauna huruma. Nachoma mishikaki jioni hapa Nkuhungu. Nikifunga hewa nusu, kibati kinashuka chenyewe, upepo unaingia, makaa yanawaka kupita kiasi: nyama inaungua nje, ndani bado mbichi. Debe la mkaa nililozoea kulitumia siku mbili likawa halinitoshi hata moja. Nikaulaumu mkaa, nikahama muuzaji, kumbe shida ilikuwa kichuma kidogo kuliko punje ya hindi.

Fundi wa kwanza alinipigia ribiti ya alumini. Wiki tatu, imelegea. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660, na hulainika mapema kabla ya hapo. Makaa yakipigwa upepo yanapita joto hilo. Ukipeleka jiko kwa fundi, mwambie kabisa: alumini hapana.

Mimi sasa natumia boliti ya chuma ya milimita 5, nati mbili na washa mbili pana, vile vichuma bapa vya duara vyenye tundu katikati. Kichwa cha ribiti ya zamani nilikisaga kwa tupa, nikaisukuma iliyobaki kwa msumari mnene na nyundo. Utakuta tundu limelika, limekuwa kama yai. Ndiyo maana washa ziwe pana. Likiwa limelika sana, toboa upya kwa boliti ya 6.

Boliti itokee ndani kuja nje, ili nati zisizibwe na majivu na mafuta ya nyama. Kaza nati ya kwanza mpaka kibati kigome kugeuka, kisha irudishe nyuma kidogo tu, kama robo mzunguko. Ishike hapo hapo kwa spana namba 8, na kwa spana nyingine kaza nati ya pili juu yake. Hapa usiwe na haraka, kazi yote iko hapa: kibati kigeuke kwa kidole kimoja, na ukikiachia kibaki pale ulipokiacha. Nati zenye plastiki ndani usinunue, itaungua. Boliti zilizopakwa zinki nazo siziweki kwenye jiko la chakula, maana zinki ikipata moto mkali hutoa moshi mbaya.

Ukishafunga hewa, jiko liache nje. Tafadhali sana, usiliingize ndani kwa kuwa linaonekana limezima. Mkaa unaokufa polepole hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watoto wamelala.

Siku hizi nikimaliza saa nne usiku nashusha kifuniko, nafunga kibati. Asubuhi nakuta makaa meusi, mazima, ya kuwashia jioni.